Kusaka hitilafu za nyaya kwenye studio ya redio: mvumo, sauti inayotoweka na kelele zisizoeleweka

Studio ya redio ikianza kuvuma, wa kwanza kulaumiwa huwa mikisa. Inafunguliwa, inapulizwa vumbi, pengine inapelekwa mjini kwa fundi, na ikirudi mvumo uko palepale. Hitilafu nyingi za sauti haziko ndani ya kifaa. Ziko kati ya kifaa na kifaa: kwenye plagi, kwenye kebo, au kwenye soketi ya umeme iliyojificha nyuma ya meza. Mwongozo huu ni wa fundi wa kituo kidogo cha FM chenye mikisa, maiki mbili hadi nne, kompyuta ya vipindi, hibridi ya simu (kifaa kinachoingiza simu za wasikilizaji mikisani), prosesa ya sauti, na mtambo wa kurushia ulio jengo hilohilo au unaofikiwa kwa linki.

Usishike pasi ya kulehemu kabla hujajua tatizo liko upande gani. Sikiliza kwanza. Mvumo mzito, mlio wa nyuki, mkwaruzo, sauti nyembamba na sauti iliyotoweka ni dalili tofauti zenye sababu tofauti, na anayezichanganya hushinda siku nzima akibadilisha kebo nzima kwa nzima.

Vya kuwa navyo ni vichache. Multimita inayolia unapopima mwendelezo wa waya. Hedifoni za waya. Simu yenye faili la toni ya 1 kHz. Kebo mbili fupi za XLR (plagi ya duara yenye pini tatu) ulizozipima na kuzifunga utepe wa rangi yake ili zisipotee kundini. Transfoma ya kutenganisha ya 1:1 yenye XLR pande zote mbili. Na XLR dume moja tupu iliyolehemewa rezista ya 150 Ω kati ya pini 2 na 3. Hiyo ya mwisho inaiga maiki iliyo kimya, na itakuokoa mara nyingi.

Mpangilio wa pini uandike ukutani. Kwenye XLR, pini 1 ni ngao (ule wavu wa shaba au karatasi ya alumini inayofunika nyaya za ndani), pini 2 ni chanya, pini 3 ni hasi. AES, chama cha wahandisi wa sauti, waliuweka kwenye kiwango chao cha AES14 mwaka 1992. Kabla ya hapo baadhi ya vifaa vya Marekani vilitumia pini 3 kuwa chanya, kwa hiyo mashine ya kale iliyokuja kwa msaada isomwe mgongoni kabla ya kuungwa. Kwenye jeki ya inchi 1/4 yenye balansi (sauti hupita kwenye nyaya mbili, chanya na hasi, mbali na ngao), ncha ni chanya, pete ni hasi, shina ni ngao.

Kazi yenyewe huanza kwa kukata mnyororo katikati. Kama sauti hewani ina kelele, chomeka hedifoni kwenye mikisa. Kelele ipo? Tatizo liko mikisani au nyuma yake. Haipo? Liko mbele: prosesa, linki au mtambo. Kata tena ile nusu iliyobaki. Mnyororo wa vifaa vinane unamalizika kwa hatua tatu, wakati kubadilisha kimoja kimoja kwa kubahatisha hakuna mwisho.

MVUMO

Umeme wa Afrika Mashariki ni wa 50 Hz. Mvumo mzito na laini wa 50 Hz mara nyingi unatokana na mzunguko wa ethi, au kebo iliyolala karibu na transfoma. Mlio mkali wa nyuki, wenye miba juu yake, huashiria ngao iliyokatika, chaja ya kompyuta, taa za kufifisha au adapta ya bei nafuu. Mvumo wa 100 Hz usiobadilika hata baada ya kuchomoa kila kebo ya sauti kwenye kifaa unatoka ndani ya kifaa chenyewe: kapasita za pawasapulai yake zimechoka. Hapo tu ndipo fundi wa vifaa anapohitajika.

Shusha fada zote (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti kwenye mikisa). Mvumo ukibaki, angalia upande wa autputi. Ukiondoka, pandisha fada moja moja mpaka uipate chaneli yenye mvumo. Kwenye chaneli hiyo chomoa kebo, uweke ile plagi yenye rezista. Kimya kikirudi, mikisa ni mzima na kebo au kifaa cha upande wa pili ndicho chenye neno.

Mzunguko wa ethi unaeleweka kwa hesabu ndogo. Kompyuta imechomekwa soketi ya ukuta huu, mikisa soketi ya ukuta ule. Ethi za soketi hizo mbili hazina volti sawasawa, kwa hiyo mkondo mdogo unatafuta njia, na njia iliyo wazi ni ngao ya kebo ya sauti. Tuseme mkondo huo ni milliampia 10 na ngao pamoja na plagi zake ina ukinzani wa 0.2 Ω. Zinazaliwa milivolti 2. Kebo isiyo na balansi, ile ya plagi za RCA, inatumia ngao hiyohiyo kurudishia sauti, hivyo milivolti 2 zinaongezwa moja kwa moja kwenye muziki. Kifaa cha nyumbani kinatoa milivolti 316 (ndiyo −10 dBV). Mvumo wako uko desibeli 44 tu chini ya muziki, na kila msikilizaji atausikia pale mtangazaji anaponyamaza. Kebo ya balansi ikipitiwa na mkondo huohuo, milivolti 2 zinapanda kwenye pini 2 na pini 3 kwa pamoja, inputi inatoa moja kwa nyingine, na zinafutana.

Tiba yake ina mpangilio, na mpangilio una maana.

Kwanza umeme. Vifaa vyote vya sauti vya studio moja vipate umeme kutoka sakiti moja, kwa soketi za pamoja au UPS moja. Kiyoyozi, friji na mashine ya fotokopi vipate sakiti nyingine. Hatua hii haigharimu zaidi ya kebo ya umeme, na mara nyingi mvumo unakwisha hapo.

Pili, vyanzo vyenye RCA au jeki ndogo ya 3.5 mm vipitishwe kwenye transfoma ya kutenganisha. Transfoma hupitisha sauti bila kuunganisha ethi mbili. Iweke karibu na inputi ya mikisa, si karibu na kompyuta. Ile ya bei ya chini sana itameza besi, kwa hiyo ijaribu na muziki wenye besi kabla ya kuinunua ya pili.

Tatu, kama transfoma hakuna, tengeneza kebo ya RCA kwenda XLR kwa njia sahihi. Tumia kebo yenye nyaya mbili ndani ya ngao. Kwenye RCA, waya mmoja uende kwenye ncha; waya wa pili na ngao viungwe pamoja kwenye ganda. Kwenye XLR, waya wa kwanza uende pini 2, wa pili pini 3, ngao pini 1. Kosa la kila siku ni kutumia kebo ya waya mmoja na kuunga pini 1 na pini 3 ndani ya XLR. Sauti inapita, lakini ile faida ya inputi ya balansi umeitupa.

Nne, na ni ya mwisho, kukata ngao upande mmoja. Hii ni kwa kebo za layini za balansi tu. Iache imeungwa kwenye kifaa kinachotoa sauti, ikatwe kwenye kinachopokea, na kama mtambo wa FM uko karibu weka kapasita ya 10 nF kati ya ngao iliyokatwa na pini 1 ili masafa ya redio yapate pa kwendea. Plagi uliyoikata iandike kwa maandishi yanayoonekana, maana miaka miwili baadaye mtu ataichukua aifanye kebo ya maiki. Kebo ya maiki haikatwi ngao kamwe: umeme wa fantomu (volti 48 ambazo mikisa hupeleka kwenye maiki) unarudi kwa njia hiyo.

Kuna tiba moja tunayoikataa kabisa, nayo ni kung'oa au kutounga pini ya ethi kwenye plagi ya umeme ya pini tatu. Mvumo unaondoka kweli. Lakini siku waya wa moto utakapogusa bodi ya kifaa hicho, fyuzi ya 13 A haitakatika, na volti 230 zitakuwa zinamsubiri mtangazaji kwenye maiki ya chuma iliyo sentimita tano kutoka midomoni mwake.

Chaja ya laptopu ni kesi ya peke yake. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri: mlio wa nyuki ukikatika, umeshampata. Chaja za pini mbili huvujisha mkondo mdogo kupitia kapasita za kuchuja zilizo ndani, na mkondo huo unaingia mikisani kwa jeki ya 3.5 mm. Kadi ya sauti ya USB yenye autputi za balansi hutatua sehemu kubwa. Ukibaki mlio, transfoma inamaliza.

Halafu kuna mvumo unaowachosha hata mafundi wazoefu: kebo ni za balansi, umeme ni wa sakiti moja, na bado unavuma. Shuku pini 1 ndani ya kifaa. Kuna watengenezaji walioiunga pini 1 kwenye ardhi ya bodi ya saketi badala ya kuipeleka moja kwa moja kwenye bodi ya chuma, kwa hiyo mkondo wa ngao unapita katikati ya amplifaya. Mhandisi wa sauti Neil Muncy aliliandikia tatizo hili miaka ya 1990, na kiwango cha AES48 cha mwaka 2005 kinaagiza ngao iungwe kwenye chasisi. Kulipima ni rahisi: chukua transfoma ndogo ya 12 V ya AC (si DC), weka rezista ya 220 Ω ya wati 1 kwa mfululizo, unapata kama milliampia 50. Gusisha upande mmoja kwenye pini 1 ya kifaa na mwingine kwenye chuma cha bodi yake, ukisikiliza autputi. Kifaa kizuri hakisemi kitu. Kikivuma, lehemu waya mfupi na mnene kutoka pini 1 mpaka kwenye bodi, hapohapo ilipo soketi.

MTANGAZAJI HASIKIKI KWENYE REDIO NDOGO

Studioni kila kitu ni safi. Msikilizaji mwenye redio ya betri, au anayesikiliza kwa spika moja ya simu, anapiga kulalamika kuwa muziki upo lakini sauti ya mtu iko mbali, au haipo. Wengi hukimbilia kulaumu mtambo. Mara nyingi ni nyaya mbili zilizobadilishana nafasi.

FM stirio hairushi kushoto na kulia kama njia mbili. Inarusha jumla ya kushoto na kulia kama sauti ya kawaida, na tofauti ya kushoto na kulia juu ya masafa madogo ya 38 kHz. Redio ya mono inachukua jumla peke yake. Sasa, sauti ya mtangazaji iko katikati, yaani ni ileile kushoto na kulia. Ukigeuza pini 2 na 3 kwenye chaneli moja tu, kushoto inasukuma wakati kulia inavuta, na jumla yake ni sifuri. Vyombo vilivyochanganywa pembeni vinabaki, mtu anatoweka. Hata mwenye redio ya stirio anaumia, kwa sababu nguvu yote imehamia kwenye sehemu ya tofauti, ambayo ndiyo inayoharibika kwanza mawimbi yanapodunda kwenye milima na majengo.

Bonyeza kitufe cha mono kwenye mikisa au kwenye spika za kusikilizia. Kama hakipo, cheza toni ya 1 kHz pande zote mbili na utazame mita ya mono au ya fezi: ikilala kwenye −1 badala ya +1, polariti imegeuka. Kisha rudi nyuma plagi kwa plagi. Pa kutazama kwanza ni pale mkono wa binadamu ulipopita mwisho: XLR iliyolehemewa juzi, bloku ya Krone (ya kuungia jozi za nyaya) ambako rangi mbili za jozi moja zinafanana, na viunganishi vya skrubu nyuma ya prosesa. Ukipata mageuzi mawili kwenye mnyororo mmoja yanayofutana, rekebisha yote mawili. Ukiliacha moja kwa kuwa "inafanya kazi", siku kebo moja itakapobadilishwa hitilafu itarudi na hakuna atakayekumbuka.

Tatizo pacha ni la jeki ya stirio kwenye inputi ya mono ya balansi. Mtu anachukua kebo inayotoka kwenye simu au laptopu, jeki upande mmoja na XLR moja upande wa pili, anachomeka mikisani. Ndani yake kushoto kumeenda pini 2 na kulia pini 3. Inputi ya balansi inatoa pini 3 kwenye pini 2, kwa hiyo kila kilicho katikati kinafutika na unabaki na mwangwi na vyombo vya pembeni, mithili ya karaoke ambayo hukuiomba. Kebo sahihi ina XLR mbili au jeki mbili za mono, moja kwa kila upande. Ukilazimika kubana stirio iwe mono, usiunge autputi mbili ana kwa ana. Kila moja itakuwa inaisukuma nyenzake. Pitisha kila upande kwenye rezista ya 470 Ω kabla ya kukutana.

Maiki nazo hugeuka. Dalili ni kwamba kila mtangazaji akiwa peke yake anasikika vizuri, wakikaa karibu na maiki mbili zikiwa wazi besi ya sauti zao inapotea. Na mtangazaji anayesema sauti yake ni nyembamba hedifonini ilhali wewe unaisikia nzuri huenda yuko sahihi: polariti ya maiki au ya hedifoni imegeuka, na inachofuta ni sauti anayoisikia kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe.

SAUTI NDOGO, AU ILIYOPASUKA

Layini ya kitaalamu ni +4 dBu, yaani volti 1.23. Kifaa cha nyumbani ni −10 dBV, volti 0.316. Tofauti yake ni desibeli 11.8. Kwa hiyo chanzo kilicho chini kwa kama desibeli 12 si kibovu. Kimeungwa tu kwenye inputi isiyo yake, na nyuma ya mikisa mara nyingi kuna swichi ya +4/−10. Kinyume chake ni autputi ya +4 iliyochomekwa kwenye inputi ya maiki. Sauti inapasuka hata geini ikiwa chini kabisa, kwa sababu inapasuka kabla haijaifikia geini.

Upungufu wa desibeli 6 kamili una maana nyingine. Autputi ya balansi ya kielektroniki ikipoteza mguu mmoja, pini 2 au pini 3, sauti inashuka desibeli 6 na kelele inaongezeka. Kama autputi ni ya transfoma, mguu ukikatika sauti inakuwa nyembamba mno, besi yote inakwenda, maana kinachobaki kinavuka kupitia uwezo wa kapasita ulio ndani ya kebo. Kwa multimita, waya wa 0.22 mm² wenye urefu wa mita 10 unasoma chini kidogo ya 1 Ω. Ukisoma 20 Ω, kuna nyuzi zimekatika au lehemu imekufa.

Upande wa dijitali kuna mtego wa viwango viwili. Ulaya, EBU (umoja wa watangazaji) inalinganisha −18 dBFS (desibeli zinazohesabiwa kutoka kilele cha dijitali) na 0 dBu, kwa hiyo kilele cha dijitali ni +18 dBu. Marekani, SMPTE (chama cha wahandisi wa filamu na televisheni) inalinganisha −20 dBFS na +4 dBu, na kilele chake ni +24 dBu. Kompyuta yenye kadi ya mfumo wa Marekani ikisukuma prosesa inayopasuka kwenye +18, nyimbo zilizobanwa sana zitakwaruza huku mita za kompyuta zikionyesha kijani. Shusha desibeli 6 kwenye autputi ya kadi, si kwenye programu ya vipindi.

Maiki za dainamiki za utangazaji zina njaa ya geini. Shure SM7B inahitaji kama desibeli 60, na mikisa mingi ya bei ya kati ikifika huko inaanza kutoa "shhh". Kipandishi kidogo kinachokaa kwenye kebo na kutumia umeme wa fantomu kinaongeza desibeli 20 hadi 25 kabla ya mikisa.

Maiki ya kondensa iliyokufa ghafla ipimiwe fantomu kabla ya kuhukumiwa. Kwenye kebo iliyo wazi, pini 2 kwa pini 1 isome volti 44 hadi 52, na pini 3 kwa pini 1 hivyohivyo. Kati ya 2 na 3 isome sifuri. Upande mmoja ukiwa na 48 na mwingine hauna kitu, kebo imekatika au moja ya rezista mbili za 6.8 kΩ ndani ya mikisa imeungua. Zima fantomu kabla ya kuchomeka au kuchomoa, hasa kwenye paneli za jeki, ambako ncha inagusana na kila kitu inapoingia.

MKWARUZO UNAOKUJA NA KUONDOKA

Tikisa kebo sentimita chache kutoka kwenye plagi, sauti ikiwa imepanda; hapo ndipo nyingi hukatikia. Lehemu nzuri inang'aa na kuukumbatia waya. Ile ya kijivu na chembechembe irudiwe. Lehemu ya 63/37 inayeyuka nyuzi 183. Weka pasi kwenye 350 na umalize kila pini ndani ya sekunde tatu, vinginevyo plastiki ya ndani inalainika na pini inahama. Kaza mkamato wa kebo ili uzito usiishie kwenye lehemu.

Kwa studio za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi hula shaba tupu mpaka inakuwa ya kijani ndani ya ganda la plastiki. Kukata sentimita tano hakutoshi. Endelea kukata mpaka uone shaba safi, na safari ijayo nunua kebo ya shaba iliyopakwa bati.

CHANELI ZIMERUKA MAHALI

Kwenye kiunganishi cha pini 25 cha chaneli nane, mpangilio ulioenea ni ule wa Tascam, uliowekwa kwenye AES59. Chaneli ya 1 ni pini 24 chanya, 12 hasi, 25 ngao. Chaneli ya 8 ni 1 chanya, 14 hasi, 2 ngao. Pini 13 haitumiki. Ndiyo, inahesabu kurudi nyuma. Baadhi ya vifaa vya Yamaha vina mpangilio tofauti, na ukichanganya kebo za hao wawili unapata chaneli zilizobadilishana na nyingine bubu, bila kitu kuungua. Soma mwongozo wa kifaa kabla ya kukata kebo.

SIMU NA REDIO NDANI YA MAIKI

Ile "trrr-trrr" kabla simu haijaita ni simu ya GSM inayopiga mapigo 217 kwa sekunde. Isogeze mita mbili. Kisha uikague ngao ya kebo iliyoipokea, maana kebo isiyo na kasoro huipokea kwa shida sana.

Kituo chako mwenyewe kusikika ndani ya mikisa ni jambo jingine. Kwenye 100 MHz wimbi zima ni mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Kebo yoyote ya urefu huo iliyo na ngao mbovu ni antena nzuri. Pitisha kebo mara tatu ndani ya pete ya feraiti, karibu kabisa na plagi, ukitumia aina ya 43 au 31.  Dalili ya uhakika ni kwamba kelele inaondoka mtambo ukizimwa kwa sekunde tano. Kagua pia kebo ya antena na viunganishi vyake mlingotini, kwa sababu mawimbi yanayorudi yanashuka kwenye ngao ya nje ya kebo hiyo hadi chumbani.

DIJITALI: TIKI NA UKIMYA

Tiki moja kila baada ya sekunde kadhaa, kwa mpangilio, ni saa mbili zisizokubaliana: kifaa kimoja kinaendesha 48 kHz yake na kingine yake. Kimoja kiwe kiongozi, vingine vimfuate. Tiki zisizo na mpangilio, au sauti inayokatika kebo ikiguswa, ni kebo yenyewe. AES3, kiwango cha sauti ya dijitali kwa XLR, inataka kebo ya 110 Ω. Kebo ya maiki inavumilia mita chache na kuanza kugoma ikirefuka. Kebo ya Cat5e, yenye 100 Ω, hufanya vizuri zaidi yake. Laini ya saa ya BNC inataka 75 Ω ya kufungia mwisho, moja tu, kwenye kifaa cha mwisho. Wanaofunga kila kifaa hubana volti mpaka saa inapotea.

Angalizo kwa wanaotumia plagi za mtandao wa kompyuta kupitishia sauti ya analogi: soketi hizo zinafanana na za swichi ya mtandao. Swichi ya PoE (inayopeleka umeme kwa kebo ya mtandao) isiyozingatia kiwango, ile inayotoa volti 48 bila kuuliza, ikichomekewa autputi ya mikisa itaiua. Tumia kebo za rangi tofauti, moja ya sauti na nyingine ya mtandao.

STUDIONI SAFI, HEWANI MBAYA

Kama herufi "s" inakata masikio hewani, tazama pre-emfasisi, yaani kuinua masafa ya juu ya sauti kabla ya kurusha. FM ya kwetu inatumia mikrosekunde 50, Marekani 75. Ya 50 inainua 15 kHz kwa karibu desibeli 14. Prosesa na mtambo vyote viwili vikiwa vimewasha, unainua mara mbili. Vyote vikiwa vimezima, kituo kinasikika kama kimefunikwa blanketi. Iwake sehemu moja tu, na ni bora iwe kwenye prosesa, kwa sababu ndiyo yenye kikomo kinachojua sauti imeinuliwa.

Taa ya stirio isipowaka redioni, tafuta paileti ya 19 kHz, ile toni inayoiambia redio kuwa matangazo ni ya stirio. Huenda kushoto na kulia vimeingizwa kwenye soketi ya MPX ya mtambo (ya jumla, tofauti na paileti zilizokwisha kuunganishwa pamoja), au prosesa inatoa MPX na mtambo umewekwa kupokea kushoto na kulia. Paileti iwe asilimia 8 hadi 10 ya mkengeuko wote wa ±75 kHz. Ikizidi hapo unakula nafasi ya sauti bure.

Mvumo unaosikika hewani tu, prosesa ikiwa safi kwenye hedifoni, karibu kila mara uko kwenye kebo ya BNC ya MPX. Haina balansi, na prosesa na mtambo mara nyingi viko kwenye raki mbili zenye ethi mbili. Transfoma ya sauti ya kawaida haifai hapo: MPX inafika 53 kHz, na karibu 60 kHz ukiwa na RDS (jina la kituo linaloonekana redioni), wakati transfoma nyingi huanza kugeuza fezi baada ya 20 kHz na kuharibu utengano wa stirio. Tazama kama inputi ya MPX ya mtambo ina swichi ya kuitenga na ethi. Inputi za aina hiyo hufuta mvumo wa ngao kama inavyofanya inputi ya balansi ya XLR. Kama haipo, hamishia prosesa kwenye raki ya mtambo, unga bodi za vifaa hivyo viwili kwa mkanda wa shaba usiozidi mita moja, na kutoka studio upeleke kushoto na kulia kwa kebo za balansi.